Nyumba inadaiwa cheti cha EPC lini hasa? Wenye nyumba Uingereza njooni tusaidiane

#1 Mpemba wa Reading
Salaam wakuu.

Nina nyumba ya mstari hapa Reading, vyumba vitatu, ya tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Nilipoinunua 2015 ilikuja na EPC, yaani cheti cha kuipa nyumba daraja la nishati, A bora hadi G mbovu. Yangu D. Sasa naenda Pemba kukaa na mama, na nyumba namwachia binamu yangu na mkewe. Kodi watalipa, maana benki ya mogeji haijui ubinamu.

Wakala mmoja kaniambia bila EPC mpya nisithubutu hata kukabidhi funguo. Jirani yangu, Mwingereza wa makamo, anasema cheti ni cha matangazo tu, kama hutangazi hudaiwi. Jamaa wa msikitini naye kashikilia kwamba ni cha kuuzia nyumba, kupangisha hakimo. Nani nimsikilize?

Na swali la pili: cheti kikiisha muda na mpangaji yumo ndani, inakuwaje?

Naomba waliopitia. Wa "nimesikia" wapumzike kidogo.

#2 Kaka Jongo
Nimekaa mkao wa kula. Binamu analipa bei ya soko au bei ya ukoo?

#3 Mpemba wa Reading
Bei ya ukoo. Usinitonese kidonda.

#4 Mama Nasra Leicester
Jamaa wa msikitini yuko nyuma miaka mingi. Kupangisha kumo tangu Oktoba 2008. Ya kuuza ndiyo ilianza 2007, wakati ule ukitaka kuuza unaandaa pakiti nzima ya makaratasi ya nyumba. Walianza na nyumba za vyumba vinne na zaidi, wakashuka kidogo kidogo hadi zote. Pakiti ilifutwa 2010, EPC ikabaki.

#5 Mpima Dari
Nilifanya kazi ya ukaguzi huu miaka kadhaa kabla sijahamia kwenye mabasi, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Kwa England na Wales cheti kinadaiwa mambo matatu yakitokea: nyumba ikijengwa, ikiuzwa, ikipangishwa. Kinadumu miaka 10. Ndani ya miaka hiyo unaweza kuuza na kupangisha mara nyingi upendavyo kwa cheti kilekile.

Unapoiingiza nyumba sokoni, cheti kiwepo au kiwe kimeshaagizwa. Kimeagizwa maana yake unakihangaikia kipatikane ndani ya siku 7, ikishindikana kabisa unaongezewa 21. Tangazo lionyeshe daraja. Na atakayekuwa mpangaji apewe nakala bure.

Sasa jirani yako kachanganya. Tangazo ni sehemu moja ya sheria, siyo mlango wenyewe. Kanuni za 2012 zinamtaja mpangaji mtarajiwa, na mtu anakuwa hivyo akiulizia nyumba kwa nia ya kuichukua, akiomba kuiona, au akitoa ofa. Binamu yako kakwambia "nitalipa kiasi fulani". Hiyo ni ofa. Cheti cha 2015 kimekufa. Agiza kingine.

#6 Ustadh wa Slough
Mpima Dari, hapo sikubaliani. Ndugu anayekaa nyumbani kwa ndugu siyo mpangaji wa kibiashara. Mimi dada yangu kakaa kwenye fleti yangu, ananichangia, hakuna aliyekuja kuniuliza cheti.

#7 Mpima Dari
Ustadh, kutoulizwa na kutodaiwa ni vitu viwili. Dada yako alikuwa na mkataba? Alikuwa na fleti peke yake au mlikaa wote?

#8 Ustadh wa Slough
Tulikaa wote. Mimi chumba cha mbele, yeye cha nyuma.

#9 Mpima Dari
Basi hiyo ni kesi nyingine kabisa. Mtu unayemkaribisha chumba nyumbani kwako na jiko mnachangia, chumba chake hakihitaji EPC, kwa sababu chumba si makazi yanayojitegemea. Mpemba anaondoka na kuacha nyumba nzima.

#10 Kaka Jongo
Ustadh kapangisha chumba kwa dada yake wa damu na bado anaitwa Ustadh 😂

#11 Ustadh wa Slough
Alikuwa anachangia UMEME. Someni vizuri.

#12 Asha Mtoni
Hapo kwenye vyumba ndipo pana vurugu. Mwenye nyumba wetu Birmingham ana nyumba ya watu sita, kila mmoja na mkataba wake wa chumba, jiko moja, bafu mbili. Anasema hana haja ya EPC kwa sababu vyumba havina. Ila mwenzetu mmoja kaingiza posikodi kwenye rejesta ya serikali, ikatokea EPC ya nyumba nzima ya wakati alipoinunua, daraja F! Sasa F hairuhusiwi kupangishwa, au?

Kwa asiyejua, rejesta ni ya wazi, humlipi mtu. Unaandika posikodi na mtaa mzima unajitokeza, kila nyumba yenye cheti, na daraja lake na tarehe cheti kinapoisha. Mimi nimeshakagua nyumba za mashoga zangu wote.

#13 Mama Nasra Leicester
Asha, wewe si mpangaji, wewe ni upelelezi.

F na G hazipangishwi. Mikataba mipya tangu Aprili 2018, na iliyokuwepo tangu Aprili 2020. Faini inafika pauni 5,000 kwa nyumba. Kama kurekebisha kunazidi pauni 3,500, pamoja na VAT, mwenye nyumba anaweza kujiandikisha kwenye rejesta ya misamaha, na msamaha ni wa miaka 5. Muulize kama kajiandikisha.

#14 Mpima Dari
Mama Nasra yuko sawa kwenye tarakimu, lakini kwa kesi ya Asha wanasheria wenyewe hawaimbi wimbo mmoja. Sharti la daraja E linaishika nyumba yenye EPC inayodaiwa kisheria. Wengine wanasema: jengo zima liliuzwa ndani ya miaka 10, likawa na cheti halali, basi F inamfunga hata akipangisha chumba kimoja kimoja. Wengine wanasema chumba hakidai cheti, kwa hiyo sharti halimgusi. Desemba 2024 serikali ilipeleka kwa wananchi pendekezo kwamba nyumba za vyumba vya watu tofauti ziwe na cheti hata kikipangishwa chumba kimoja. Mwenye akili atauliza: kama tayari kinadaiwa, pendekezo la nini?

#15 Asha Mtoni
Kwa hiyo nimwambie au nisimwambie?

#16 Kaka Jongo
Mwambie siku ukishapata chumba kingine.

#17 Mzaramo Glasgow
Ninyi mnazungumza England tu, Uingereza si England peke yake. Huku Scotland kanuni ni nyingine ingawa shina ni moja. Ukiuza unaandaa Home Report, ripoti ya hali ya nyumba, na EPC imo ndani. Halafu cheti lazima kibandikwe kwenye nyumba yenyewe. Changu kiko ndani ya kabati la mita, kimeanza kuwa cha njano kama shahada ya marehemu babu. Mke wangu alitaka kukitoa wakati wa kupaka rangi, nikamwambia kiache.

#18 Mpemba wa Reading
Ahsanteni. Kwa hiyo naagiza. Ila swali la pili bado: kikiisha mpangaji akiwa ndani?

#19 Mama Nasra Leicester
Unatengeneza kipya. Wakala wangu alinilazimisha.

#20 Mpima Dari
Wakala anataka kazi isimame vizuri kwenye faili lake, simlaumu. Lakini kanuni zinasema wakati wa kuuza na kupangisha. Mpangaji yumo, mkataba unaendelea, hakuna tukio jipya. Cheti kikiisha, hakuna kinachokulazimisha kuagiza kingine siku hiyo. Mwongozo wa serikali ulitaja hata kuongeza muda wa mkataba kuwa si tukio la kudai cheti. Kubadilisha hilo nako ni pendekezo la Desemba 2024: kwamba nyumba ya kupangisha iwe na cheti hai muda wote.

#21 Wakili Uchwara
Mimi siyo wakili, jina ni la utani. Lakini jihadharini na Kifungu cha 21. Kwa mikataba iliyoanza Oktoba 2015 na kuendelea, mwenye nyumba ambaye hakumpa mpangaji EPC hakuweza kutoa notisi ya kumtoa bila sababu. Mimi niliokolewa na hilo. Mwenye nyumba wangu alileta notisi, nikaenda kwa washauri wa bure, swali la kwanza: ulipewa EPC? La pili: ulipewa cheti cha gesi? Nikasema hapana na hapana. Notisi ikafia pale pale, nikapata muda wa kutafuta pengine nikiwa na akili timamu.

#22 Mama Nasra Leicester
Na Kifungu cha 21 chenyewe mwisho wake ni 1 Mei 2026 kwa sheria mpya ya haki za wapangaji. Usiwafundishe watu silaha inayokwenda makumbusho.

#23 Wakili Uchwara
Mimi iliniokoa kabla haijafika huko mama.

#24 Otis wa Kayole
Wadau, mimi niko Nairobi nawasoma tu na kucheka. Yaani mtu akutoze hela akupe karatasi ya kukuambia nyumba yako iko na baridi? Si ungeniuliza mimi?

#25 Kaka Jongo
Otis, huku ukiambiwa una baridi bila karatasi haihesabiki.

#26 Mwanamazingira Mombasa
Otis usicheke sana. Kenya Kanuni za 2012 zilidai ukaguzi wa nishati kila miaka mitatu kwa majengo yanayotumia zaidi ya uniti 180,000 za umeme kwa mwaka. Ni hoteli, viwanda, hospitali, siyo bedsita yako Kayole. Kuna pia cheti cha EDGE cha majengo ya kijani, ila hicho mjenzi anakitafuta mwenyewe, hakuna anayemlazimisha.

#27 Otis wa Kayole
Bedsita yangu token ya mia inaenda wiki. Daraja A hiyo.

#28 Bibi wa Mkunazini
Mimi najiuliza nyumba zetu za Mji Mkongwe zingepewa nini. Ukuta wa mawe na chokaa karibu nusu mita, ua katikati, mchana ndani pamepoa kama pango. Halafu mjukuu anajenga ya matofali membamba na mabati huko Fuoni, anaweka AC tatu.

#29 Mpima Dari
Bibi, shikamoo. Kwa kipimo cha huku ukuta wako ungehesabiwa mbovu. EPC ya Uingereza inaangalia hasa gharama ya kupasha joto. Ukuta kupoa mchana haukupi pointi.

#30 Fundi Boila Luton
Nimesubiri mtu afike hapo. Watu wanadhani EPC inapima nishati. Daraja lile la A hadi G la nyumba za huku linatokana na GHARAMA ya nishati kwa kila mita ya mraba. Umeme kwa uniti ni karibu mara nne ya gesi. Ndiyo maana nyumba yenye hita za umeme inapigwa E wakati ya jirani yenye boila ya gesi inapata C, ukuta uleule, dirisha lilelile.

#31 Asha Mtoni
Ahaa! Fleti ya shoga yangu ina hita za umeme, daraja E, na bili yake ni ndogo kuliko yangu.

#32 Fundi Boila Luton
Bili yake ni ndogo kwa sababu anavaa sweta mbili. Mkaguzi haangalii bili wala sweta. Programu anayoitumia inadhani sebule ina nyuzi 21 kwa saa zilizopangwa kila siku, na idadi ya wakaaji inakisiwa kutokana na ukubwa wa nyumba. Uwe unaishi peke yako au na wajomba saba, jibu ni moja.

#33 Mchagga Stuttgart
Ujerumani vipo viwili. Kimoja kinakokotolewa kutokana na jengo, kingine kinatokana na matumizi halisi ya miaka mitatu. Kwa hiyo hicho cha pili sweta zinahesabika 😀 Ila nyumba za zamani zenye makazi machache, zilizoombewa kibali kabla ya Novemba 1977 na hazijaboreshwa, hazina ruhusa ya kuchagua, ni cha kukokotoa tu. Muda ni miaka 10 kama kwenu. Faini inaweza kufika euro 10,000.

#34 Mtoto wa Bukavu, Lille
Jambo wote. Ufaransa ndiyo wamekaza. Kinaitwa DPE, na tangu 1 Januari 2025 nyumba ya G haihesabiwi kuwa makazi ya heshima kwa mkataba mpya, yaani haifai kupangishwa. F zamu yao 2028, E 2034. Na ya F au G hauruhusiwi kupandisha kodi tangu Agosti 2022. Mwenye nyumba wangu ana G. Alikuja mwenyewe na godoro za sufi ya kuzuia baridi, anapanda darini kila Jumamosi, mzee wa watu.

#35 Ustadh wa Slough
Turudi kwenye daraja. Sikubaliani na Fundi Boila kwamba yote ni bei ya umeme. Mimi na jirani yangu tuna nyumba pacha, gesi wote, boila wote mpya. Yeye C mimi D. Nani anieleze?

#36 Fundi Boila Luton
Mkaguzi tofauti. Basi.

#37 Mpima Dari
Siyo "basi". Mkaguzi haruhusiwi kutoboa ukuta. Anachokiona anakiandika, asichokiona na huna karatasi yake, programu inachukua makisio ya mwaka wa ujenzi. Jirani yako huenda alitoa hati ya kujaziwa ukuta sufi, wewe hukutoa.

Nikiingia nyumba ya zamani nilikuwa naanza nje, natazama matofali. Ukiona kwenye mstari mmoja tofali refu, kichwa cha tofali, refu, kichwa, huo ni ukuta mzima usio na uwazi katikati, kama sentimita 23. Ukiona marefu matupu, kwa kawaida kuna uwazi. Halafu dirishani: katikati ya vioo viwili kuna mkanda wa bati, mara nyingi umechapwa tarehe kwa herufi ndogo, unainamisha kichwa na tochi. Kisha darini na rula, sufi ina unene gani. Milimita 270 ndiyo wanaitaka siku hizi. Kuna mzee mmoja alikuwa na 270 mlangoni mwa dari tu, mbele ya ngazi, huko ndani hewa tupu na masanduku ya Krismasi. Nilipiga picha zote mbili.

#38 Kaka Jongo
Huyo mzee Mbongo. Hakuna ubishi.

#39 Mpima Dari
Siri ya mteja.

#40 Mama Nasra Leicester
Ustadh, kuna sababu nyingine: tarehe. Programu inabadilishwa mara kwa mara. Toleo la sasa lilianza Juni 2025 na linataka kila dirisha lipimwe, zamani walikuwa wanakisia. Cha jirani yako ni cha mwaka gani?

#41 Ustadh wa Slough
2019. Changu cha mwaka jana, Novemba.

#42 Mama Nasra Leicester
Jibu hilo.

#43 Mpima Dari
Huenda. Na huenda ni hati ya ukuta. Na huenda pia mkaguzi wa 2019 alikuwa na haraka, wako waliokuwa wanafanya nyumba nyingi mno kwa siku. Bila kuziona ripoti zote mbili siapi.

#44 Mpemba wa Reading
Sasa mmenitia hofu. Kama toleo jipya linabana, D yangu si inaweza kuwa E? Na serikali inataka nyumba za kupangisha ziwe C ifikapo 2030. Nijaze kuta kabla ya ukaguzi?

#45 Fundi Boila Luton
Usiguse kuta! Nyumba ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kwa kawaida ni ukuta mzima. Kuivalisha ndani kunakula chumba, na ikifanywa ovyo unyevu unakwama nyuma ya bodi, mwaka wa pili ukungu. Anza na dari, taa za LED, na kidhibiti joto cha chumba.

#46 Wakili Uchwara
Nami naona angoje. Sunak, Waziri Mkuu wa wakati ule, aliifuta C Septemba 2023 baada ya watu kuingia gharama. Hawa wameirudisha. Nani anajua wa 2029 atasema nini?

#47 Mama Nasra Leicester
Wa kungoja ndio watakaopigwa bei 2030 mafundi wakiwa hawapatikani. Walipopendekeza Februari 2025 waliweka ukomo wa gharama pauni 15,000 kwa nyumba. Siyo hela ya kungojea usingizini.

#48 Msafi wa Bath
Vipi majengo ya kihistoria yaliyoorodheshwa? Nimeambiwa hayahitaji EPC kabisa.

#49 Mpima Dari
Umeambiwa nusu. Sheria inasema hayahitaji PALE AMBAPO kutimiza viwango kungeharibu sura yake isivyokubalika. Utajuaje kungeharibu kabla hujapata ripoti ya kukuambia ufanye nini? Ndiyo mzunguko wenyewe. Wengi wanapima tu kujilinda.

#50 Msafi wa Bath
Afisa wa halmashauri kaniambia haihitajiki, wakili kaniambia inahitajika.

#51 Kaka Jongo
Na Kaka Jongo anakwambia muulize wa tatu uwe na wastani.

#52 Asha Mtoni
Mnaosema faini 5,000, rafiki yangu aliuza bila cheti akatozwa 200 tu.

#53 Mama Nasra Leicester
Tofauti hizo. 200 ni ya kutokuwa na cheti nyumba ya kuishi ikiuzwa au kupangishwa. 5,000 ndiyo kikomo cha kupangisha F au G.

#54 Kaka Jongo
Kwa hiyo asiye na cheti anapigwa 200, mwenye cheti kibaya 5,000? Hapo kuna mtu kashanielewa.

#55 Mpima Dari
Kaka Jongo, kila mwenye nyumba mjanja ameshaliona hilo. Na halmashauri nazo zimeliona.

#56 Mpemba wa Reading
Mrejesho wakuu. Mkaguzi kaja asubuhi, pauni 75. Kamaliza kabla chai haijapoa, ila darini kakaa sana. D, pointi 61. Madirisha ya nyuma kayakuta hayana tarehe kwenye ule mkanda, akaniuliza risiti, sina. Kaniambia nikiipata kabla hajapeleka kwenye rejesta atayaingiza kwa mwaka wake.

#57 Fundi Boila Luton
Yaliwekwa na nani? Waliosajiliwa wanatoa hati, na halmashauri huwa ina kumbukumbu.

#58 Mpemba wa Reading
Yaliwekwa na shemeji wa binamu.

#59 Kaka Jongo
Bei ya ukoo tena.

#60 Msafi wa Bath
Mpima Dari, hiyo pendekezo la Desemba 2024, majengo ya kihistoria waliyasemaje?

#61 Mpima Dari
Walipendekeza ule msamaha wa cheti uondolewe, yawe na EPC kama mengine. Fuatilia kabla hujasaini na wakili wako.